Kumbukumbu ya wafu huko Songea

Kumbukumbu ya wafu huko Songea ni jumla ya desturi ambazo wakazi wa mji wa Songea na vijiji vinavyouzunguka, katika mkoa wa Ruvuma, kusini mwa Tanzania, wanazitumia kuwakumbuka na kuwaheshimu marehemu wao. Desturi hizo zina tabaka tatu zilizowekwa juu ya nyingine bila ya kufutana kabisa: tambiko la Wangoni kwa mizimu ya ukoo (mahoka), siku za Novemba zilizoletwa na wamisionari Wabenedikto, na kumbukizi ya tarehe 27 Februari kwa ajili ya wapiganaji wa Vita vya Majimaji walionyongwa mjini hapo mwaka 1906.

Tabaka la pili lina asili moja na Halloween, sikukuu ya tarehe 31 Oktoba ambayo katika nchi kama Marekani, Kanada na Ueire imekuwa hasa ya watoto, mavazi ya kutisha na pipi. Ndiyo sababu Songea ni mahali pazuri pa kuona jinsi mzizi mmoja unavyoweza kuzaa matawi yasiyofanana hata kidogo.

Mahoka na tambiko

Wangoni waliingia katika nchi ya Songea katikati ya karne ya 19, wakitokea kusini mwa Afrika. Kundi kubwa lililoongozwa na Zwangendaba lilivuka mto Zambezi mwaka 1835, likafika hadi Ufipa, na baada ya kifo chake likagawanyika. Baadhi ya vikundi vilirudi upande wa kusini mashariki na hatimaye vikaunda falme mbili: Njelu chini ya ukoo wa Gama, na Mshope chini ya ukoo wa Tawete. Wengi wa watu waliokuja kuitwa Wangoni hawakutoka kusini hata kidogo. Walikuwa wenyeji waliotekwa au kumezwa na falme hizo, kiasi kwamba Kingoni kinachosemwa leo kinafanana zaidi na lugha za majirani wake kuliko na Kizulu.

Jambo hilo ni muhimu katika mada hii, kwa kuwa desturi za kukumbuka wafu zilichanganyika vilevile. Jina la Mungu muumba, Chapanga, linatumika pia na majirani kama vile Wamatengo, na neno mahoka, yaani roho za waliokufa, linajulikana nje ya Ungoni. Kilichotoka kusini ni zaidi majina ya koo. Majina kama Gama, Mbano na Tawete yanamwambia msikilizaji mtu ametoka katika nyumba gani, na kwa namna hiyo kila salamu inayotaja ukoo inawataja pia waliotangulia.

Wafu walihesabiwa kuwa wangali sehemu ya familia. Waliweza kukasirika wakisahauliwa, na ugonjwa, ukame au utasa uliweza kuelezwa kuwa ni malalamiko yao. Mkubwa wa familia alipeleka unga na pombe kaburini au chini ya mti, akawataja wazee kwa majina kuanzia wale anaowakumbuka, akaeleza shida iliyompeleka. Hapakuwa na tarehe maalumu katika mwaka: tambiko lilifuata haja, kama vile kuugua kwa mtoto, safari au kuchelewa kwa mvua. Kwa watemi, mahoka yalikuwa pia jambo la utawala. Mizimu ya watawala waliotangulia ilikuwa mizimu ya nchi nzima, na aliyeishika nyumba yao ndiye aliyekuwa na haki ya kutawala.

Novemba ya Wabenedikto

Mwaka 1898 Wabenedikto wa shirika la Mt. Otilia kutoka Ujerumani walianzisha misioni ya Peramiho, kilometa 25 hivi magharibi ya Songea, mwaka mmoja baada ya serikali ya Kijerumani kuweka boma lake la kijeshi Songea. Pamoja na shule na zahanati walileta kalenda yao, na ndani yake siku mbili: tarehe 1 Novemba, Sikukuu ya Watakatifu Wote, na tarehe 2 Novemba, Kumbukumbu ya Marehemu Wote.

Siku hizo mbili zina historia ndefu. Papa Gregori III (731–741) aliweka wakfu kikanisa kwa heshima ya watakatifu wote huko Roma, na mwaka 835, wakati wa Papa Gregori IV, sikukuu ya tarehe 1 Novemba ilienezwa katika milki ya Wafaranki. Siku ya marehemu ilifuata baadaye. Ilianzishwa na Odilo, abati wa Cluny nchini Ufaransa, kwa ajili ya monasteri zilizokuwa chini yake, mwishoni mwa karne ya 10 au mwanzoni mwa karne ya 11. Odilo alikuwa Mbenedikto. Kwa hiyo watawa waliofika Peramiho hawakuleta tu desturi ya Kanisa kwa jumla, bali desturi iliyozaliwa ndani ya shirika lao wenyewe karne tisa kabla.

Mwanzoni wamisionari hawakuona kufanana kokote kati ya sala zao kwa wafu na tambiko la wenyeji. Kwao mahoka yalikuwa upagani wa kung'olewa. Vitabu vya historia ya Ungoni vinasimulia kwamba kabla ya vita Padri Franciscus Leuthner wa Peramiho alichoma kibanda cha mahoka cha Mputa Gama, mtemi wa Njelu. Kwa mtu asiyejua maana yake kilikuwa kibanda tu cha miti na nyasi. Kwa Mputa yalikuwa makao ya baba zake, na kukichoma mbele ya watu wake kulikuwa sawa na kumvua utawala. Mwaka 1905 Wangoni walipojiunga na Vita vya Majimaji, misioni ya Peramiho ilichomwa moto, na Padri Leuthner aliuawa katika vita hivyo.

Baada ya vita misioni ilijengwa upya na ikakua hadi kuwa abasia, na wakazi wengi wa wilaya walibatizwa katika vizazi viwili vilivyofuata. Mtazamo wa Kanisa ulibadilika polepole, hasa baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965). Mwaka 1969 jimbo la Songea lilipata askofu Mwafrika wa kwanza, James Komba, naye akawa askofu mkuu mwaka 1987. Huko Hanga, nje ya Songea, ilikua monasteri ya Wabenedikto Waafrika. Waliohubiri juu ya marehemu sasa walikuwa watoto na wajukuu wa watu waliowahi kumimina pombe chini ya mti, na walijua wanachokizungumzia.

Leo mwezi mzima wa Novemba ni mwezi wa kuwaombea marehemu. Waumini huandika majina ya ndugu zao waliofariki ili yaombewe katika Misa, na jumuiya ndogondogo husali rozari nyumba kwa nyumba. Makaburi husafishwa, husaliwa na kubarikiwa. Majira nayo yanasaidia: mwishoni mwa Oktoba nyasi zimekauka au zimeungua, mvua kubwa hazijaanza, na kazi ya jembe ni ya kuandaa shamba tu. Mtu akichelewa hadi Januari anakuta kaburi limefunikwa na majani marefu.

Ukiangalia kinachofanyika, kutaja majina ya wafu mbele ya watu ndiyo kiini cha Novemba hii, kama kilivyokuwa kiini cha tambiko. Tofauti ni ya mafundisho: katika tambiko walio hai wanawaomba wafu, katika Novemba wanawaombea wafu kwa Mungu. Makatekista husisitiza tofauti hiyo kila mwaka, na bila shaka wana sababu ya kusisitiza.

Waislamu wa Songea hawafuati siku hizo. Wao wana hitima na dua kwa marehemu, na ziara ya makaburi, ambayo wengi huifanya karibu na mwezi wa Ramadhani. Lakini arobaini, yaani mkusanyiko wa siku ya 40 baada ya kifo, unafanywa na familia za dini zote mbili, na ni vigumu kusema sasa ni ya nani.

Tarehe 27 Februari 1906

Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, karibu na pwani ya kusini. Mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu dawa ya maji iliyoaminiwa kugeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Kinjikitile alinyongwa mapema mwezi Agosti, lakini dawa iliendelea kusafiri, na Wangoni waliipokea kupitia Omari Kinjala. Falme zote mbili ziliingia vitani: Njelu chini ya Mputa Gama na Mshope chini ya Chabruma. Miongoni mwa majemadari (manduna) wa Njelu alikuwamo Songea Mbano, ambaye jina lake ndilo jina la mji.

Wangoni walishindwa kwa bunduki za rashasha, kisha kwa njaa. Jeshi la Wajerumani lilichoma vijiji na maghala na kuharibu mashamba ili watu wasiwe na chakula wala mbegu. Makadirio ya waliokufa katika vita vyote, katika kusini nzima ya koloni, ni kati ya watu 75,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa na maradhi, si risasi.

Mwanzoni mwa 1906 viongozi waliokamatwa walikusanywa bomani Songea na kuhukumiwa kifo. Tarehe 27 Februari walinyongwa, na kwa hesabu inayotajwa kwa kawaida walikuwa 67, wakiwa pamoja na Mputa Gama. Alikuwamo mwanamke mmoja, Nkomanile, mtawala wa Kitanda. Walizikwa katika kaburi moja la pamoja. Baadhi yao walikubali kubatizwa na mapadri kabla ya kunyongwa, kwa hiyo wamo pia kati ya wale wanaoombewa kila Novemba na Kanisa ambalo misioni yake waliichoma. Chabruma hakukamatwa: alikimbilia Msumbiji, naye akafia huko.

Songea Mbano aliuawa siku chache baada ya wenzake. Mapokeo ya Songea yanasema Wajerumani walimweka kando wakitaka kumtumia, naye akadai afe kama walivyokufa wenzake. Alizikwa peke yake, na kwa mujibu wa mapokeo hayohayo kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Kutoka ukimya hadi sherehe

Kizazi cha kwanza baada ya vita hakikuwa na sherehe yoyote ya kuwakumbuka walionyongwa. Wajerumani walitawala Songea hadi 1916, na baada yao Waingereza hadi 1961. Kuomboleza hadharani watu walionyongwa kwa uasi kulikuwa hatari kwanza, halafu hakukufaa, na watawala wa jadi waliorudishwa madarakani walikuwa na sababu zao za kutokumbusha habari hizo. Ziliendelea kusimuliwa nyumbani, na kaburi lilijulikana mahali pake. Wanaume walionyongwa walikuwa na wajane na watoto, na katika familia hizo jina la marehemu lilipewa wajukuu kama kawaida.

Baada ya uhuru vita hivyo vilianza kutazamwa upya. Julius Nyerere alivitaja kama mwanzo wa mapambano ambayo TANU iliyakamilisha bila silaha, na vitabu vya shule vikafuata. Miaka ya 1968 na 1969 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliendesha utafiti ambapo wanafunzi walirudi katika wilaya zao na kuandika simulizi za wazee waliokumbuka vita au waliosimuliwa na wazazi wao. Ilikuwa nafasi ya mwisho: aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1905 alikuwa amekaribia 80. Kabla ya hapo, mwaka 1959, padri Mbenedikto Elzear Ebner wa Peramiho alikuwa ameandika historia ya Wangoni kutokana na simulizi za namna hiyo. Sehemu kubwa ya yale ambayo vijana wa Songea wanayajua leo juu ya babu zao yamepita katika kalamu za watu hao kabla ya kuwarudia, jambo ambalo halipunguzi thamani yake ila linafaa kukumbukwa na anayesoma.

Kipindi hichohicho kiliondoa familia nyingi karibu na wafu wao. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha wakulima kutoka makazi yaliyotawanyika hadi vijiji vya ujamaa, na makaburi yalibaki kwenye mahame. Aliyetaka kutambika au kusafisha kaburi la babu alilazimika kutembea hadi porini. Makaburi ya kijiji na ya parokia yakachukua nafasi ya kaburi la uani, na kumbukumbu ikapoteza kidogo sura yake ya kifamilia na kuwa ya jumuiya.

Mwaka 1980 Makumbusho ya Majimaji yalifunguliwa mahali palipo kaburi la pamoja, ndani ya mji wa Songea. Hapo pana sanamu za viongozi wa Wangoni, mnara, silaha na vyombo vya wakati wa vita. Baadaye yakawekwa chini ya Makumbusho ya Taifa la Tanzania. Kabla ya hapo mtu alifika kaburini akiwa mjukuu wa fulani. Baada ya hapo aliweza pia kufika akiwa mwanafunzi katika ziara ya shule, mtalii au kiongozi wa serikali.

Kumbukizi ya kila mwaka hufanyika mwishoni mwa Februari na kufikia kilele chake tarehe 27. Wazee wa mila na wazao wa manduna hufika kaburini wakiwa wamevaa ngozi na kushika mikuki, ngao na marungu. Pana sala za viongozi wa dini, gwaride, mashada ya maua na hotuba. Kwa njia hiyo tambiko lililochomewa nyumba yake kabla ya vita linakutana mahali pamoja na padri na shehe, mbele ya mkuu wa mkoa. Wapo Wakristo wasioridhika na mchanganyiko huo, na wapo wazee wanaoona kwamba hotuba zimekuwa ndefu kuliko matambiko.

Ngoma ya lizombe haikosekani. Ndiyo ngoma inayohesabiwa alama ya Wangoni, hata mashabiki wa klabu ya mpira ya Majimaji ya Songea wanajiita Wana Lizombe. Klabu na uwanja wa Majimaji vimeeneza jina la vita mbali kuliko makumbusho. Mtoto wa Songea huweza kulipiga kelele jina hilo uwanjani miaka kadhaa kabla ya kuelezwa shuleni lilitoka wapi. Katika miaka ya 2010 likaongezeka tamasha la Majimaji Selebuka, lenye mbio za marathoni, mashindano ya baiskeli, midahalo ya wanafunzi, ngoma na maonyesho ya wajasiriamali. Huko kifo kimebaki katika jina tu, na wafanyabiashara wa mji wanalipenda.

Msiba wa siku hizi

Nje ya tarehe maalumu, mabadiliko makubwa yamo katika msiba wenyewe. Picha za video, fulana zenye sura ya marehemu, wapishi wa kukodi na michango inayotumwa kwa simu ni mambo ya kawaida mjini. Kaburi la udongo lenye msalaba wa mti linabadilishwa na la saruji au vigae, na kulijengea huwa sababu ya ukoo kukutana tena mwaka mmoja au zaidi baada ya maziko. Kwa familia ambazo watoto wake wanaishi Dar es Salaam au Mbeya, mkutano huo hupangwa Desemba, wakati wa likizo, na Novemba inabaki ya wale wasioondoka.

Halloween na Songea

Jina Halloween ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza cha zamani yenye maana ya mkesha wa Watakatifu Wote. Ni kusema jioni ya kabla ya sikukuu ileile iliyofika Peramiho mwaka 1898. Wataalamu wengi wanaihusisha pia na Samhain, sikukuu ya Wakelti ya kumaliza mavuno, ingawa ni kiasi gani imetoka huko kunabishaniwa. Katika Uingereza ya mwisho wa Karne za Kati maskini na watoto walipita nyumba kwa nyumba wakipewa mikate midogo, nao waliahidi kuwaombea marehemu wa nyumba ile. Waprotestanti walipokataa sala kwa wafu, mkate ulibaki na sala ikaondoka. Huko Ueire na Uskoti watoto walivaa vinyago na kuimba au kughani ili wapewe matunda na karanga, na walichonga taa katika viazi vya aina ya tanipu. Wahamiaji wakaivusha bahari, na Marekani wakakuta boga, lililo kubwa na rahisi zaidi kuchonga.

Msemo wa watoto wa kudai pipi la sivyo wafanye vituko ulianza kuonekana magazetini huko Kanada na Marekani kati ya miaka ya 1910 na 1930, wakati miji ilikuwa imechoshwa na vijana waliovunja madirisha na kung'oa mageti usiku huo. Pipi zilikuwa kama hongo ya amani. Mgawo wa sukari wakati wa Vita Kuu ya Pili uliisimamisha desturi, na kizazi kilichofuata, chenye nyumba mpya za vitongojini na watoto wengi, kikaifanya kuwa ya taifa zima. Kizazi kingine, kilichoshtushwa na visa kama dawa zilizotiwa sumu huko Chicago mwaka 1982, kilianza kukagua pipi na kuwasindikiza watoto, au kuwapeleka katika maegesho ya kanisa ambako pipi hugawiwa kutoka buti za magari. Babu alizunguka mtaani bila mtu mzima. Mjukuu anazunguka katika magari ya watu waliokwisha kuandikishwa.

Songea haina desturi hiyo. Tarehe 31 Oktoba si sikukuu ya umma Tanzania, na Halloween inajulikana hasa kwa filamu, simu na baadhi ya kumbi za starehe na shule za kimataifa katika miji mikubwa. Hata hivyo vipande vyake vinapatikana vikiwa vimetawanyika katika siku nyingine. Watoto kupita nyumba kwa nyumba wakipewa vitu ni jambo la Idi, wanapotafuta mkono wa Idi kwa ndugu na majirani, na kwa kiasi fulani la Krismasi. Huko Oman, wanakoishi Waswahili wengi, watoto huzunguka hivyo katikati ya Ramadhani. Vituko vya usiku vina tarehe yake pia: katika miji mingi ya Tanzania vijana hupiga madebe na kuchoma matairi mkesha wa Mwaka Mpya, na polisi hutoa onyo kila Desemba.

Vinyago vipo mashariki zaidi. Kwa Wamakonde wa pande zote mbili za mto Ruvuma, mchezaji wa mapiko aliyevaa kinyago anawakilisha mfu aliyerudi, na zamani wanawake na watoto walipaswa kumkimbia kweli. Siku hizi mapiko huchezwa pia katika sherehe za kiserikali, na watoto wanaokimbia wanacheka. Ni njia ileile aliyopita mzimu wa Ueire.

Viongozi wa Kanisa wanaoikosoa Halloween katika Afrika Mashariki kwa kawaida huiita desturi ya kigeni. Kihistoria ni ndugu wa Misa wanayoiadhimisha kesho yake, lakini ni ndugu aliyelelewa mbali sana hata hatambulikani. Wala kuigwa si jambo la ajabu: gwaride kubwa la Siku ya Wafu katika mji mkuu wa Meksiko lilianza mwaka 2016 tu, kwa kufuata mandhari iliyobuniwa kwa ajili ya filamu ya James Bond ya mwaka uliotangulia.

Fuvu la Songea Mbano

Katika tabaka zote tatu, mfu anakumbukwa mahali alipolala. Kaburi la Songea Mbano lina kasoro hiyo moja, na wazao wake wamedai kwa miaka mingi kichwa kirudishwe ili azikwe mzima. Mfano uliopo karibu ni wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyejiua mwaka 1898: kurudishwa kwa fuvu lake kuliandikwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, lakini lilirudi Kalenga, Iringa, mwaka 1954, na hata hapo kulikuwa na mashaka kama lilikuwa lake.

Maelfu ya mafuvu kutoka makoloni yalikusanywa na taasisi za Ujerumani kwa ajili ya elimu ya mbari ambayo sasa imekataliwa. Utafiti uliofanywa Berlin juu ya mafuvu yapatayo 1,100 kutoka Afrika ya Mashariki, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2023, ulitumia vinasaba na kuwapata ndugu walio hai wa marehemu wachache wa Tanzania, hasa wa upande wa Kilimanjaro. Fuvu la Songea Mbano halikutambuliwa.

Tarehe 1 Novemba 2023, Sikukuu ya Watakatifu Wote, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alifika katika Makumbusho ya Majimaji. Alikutana na wazao wa Songea Mbano, akaweka ua kaburini, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu wa watu wa pale, na akaahidi kwamba nchi yake itasaidia kulitafuta fuvu, huku akisema hawezi kuahidi kwamba litapatikana. Katika parokia za mji jioni hiyo matayarisho yalikuwa ya kesho yake, tarehe 2, siku ya kuyataja majina.